Pua Imesafiri

Jumapili, 2 Machi

Mafua yameondoka, pua haijarudi. Leo wiki ya tatu.

Asubuhi nimefunga mlango wa chumba, nimeshusha maboksi ya viatu juu ya kabati na kuzipanga chupa zangu kumi na moja kitandani kama wagonjwa wa wodi moja. Nimeanza na Bi Harusi Mkaidi. Huyu ukimfungua chumbani, jirani anajua. Maua meupe mazito, na chini yake kitu kama siagi iliyolala nje. Tone moja kwenye karatasi, nikapunga, nikanusa. Hewa. Karani Mstaafu, yule wa wino na karatasi kuukuu? Hewa. Nikajaribu spiriti ya kusafishia vidonda. Imenichoma puani vizuri sana, lakini harufu hakuna.

Majina yao ya kweli ni ya Kizungu na yanavunja ulimi, kwa hiyo sisi tumewabatiza upya. Sisi ni Kamati ya Pua: mimi, Kinyozi, Mfamasia na Mwalimu. Watu wanne, chumba cha nyuma cha Kinyozi, Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Wengine wanacheza karata, sisi tunanusa manukato ya zamani. Hasa yale yaliyoacha kutengenezwa, yasiyopata sifa hata enzi zake. Na mwenye kutoa hukumu ni mimi. Hii ya kweli, hii ya kughushi, hii ya zamani, hii wameipunguza viungo wakaacha jina. Wananiita Mama Pua.

Sasa Mama Pua hana pua. Sitamwambia mtu. Itarudi tu kabla ya Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeaibika kazini.

Udobi ni pua kwanza, sabuni baadaye. Ukipokea nguo unanusa kola, kwapa, pindo. Doa la maziwa na doa la mafuta hayatibiwi kwa dawa moja, na mara nyingi jicho halioni kitu mpaka pasi ipite, doa lipikwe humo, likae milele. Miaka ishirini na miwili nafanya hivyo mbele ya mteja, yeye anadhani nahesabu vifungo. Leo nimepokea koti la kijivu, nikalinusa kwa mazoea, nikasema ni vumbi tu, pigeni mvuke. Dada wa Pasi kaligusa na pasi mara moja, kalitupa mezani kama nyoka. Kasema mtoto kalitapikia hili, Mama, tena juzi. Eti duka zima lilijaa maziwa yaliyochacha. Mimi nimesimama katikati ya hayo maziwa natabasamu.

Nikasingizia mafua. Dada wa Pasi ana maneno machache na macho mengi. Tangu saa nne anapokea nguo yeye, mimi nimepelekwa kwenye vifungo.

Jumatano, 5 Machi

Siri imekufa mapema. Nimemtilia mume wangu maziwa kwenye chai. Kapiga funda moja, kaweka kikombe, kauliza kwa adabu kabisa kama kuna kosa amenifanyia.

Maziwa yalikuwa yameganda mabonge. Mimi nilikuwa nimeyanusa mara mbili kabla ya kuyamimina!

Ikabidi niseme. Akacheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu ni fundi umeme, na kwake manukato duniani ni aina mbili, ya kwendea arusini na ya kuulia mbu. Kisha akaona nalia, sufuria bado mkononi, akaacha kucheka. Nililia, sikatai. Mtu aliyekatika mguu anaonewa huruma barabarani, mimi nimekatika pua na uso wangu uko vilevile. Kaninyang'anya sufuria. Kasema kama pua imesafiri basi tutaitafuta, keshokutwa twende kwa daktari.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari wa pua na masikio ni mama mmoja mfupi, mkavu, hana mchezo. Kamulika, kachungulia, kasema mishipa ya kunusa imeumia. Inaweza kurudi kwa wiki, kwa miezi, kwa mwaka. Nikamuuliza, na ikikataa? Kasema kuna wanaokataliwa. Kisha kaandika kitu kwenye karatasi. Nilidhani ni dawa. Kumbe ni mazoezi, kama ya mtu aliyevunjika goti. Vichupa vinne, waridi, ndimu, karafuu na mkaratusi. Asubuhi na jioni, sekunde ishirini kila kimoja, huku unaikumbuka harufu yake kwa nguvu zote.

Kukumbuka ninako, daktari. Kunusa ndiko sina.

Tumerudi nyumbani, mume wangu kaosha vichupa vya jemu, kavijaza, kavibandikia majina kwa ile tepu yake ya nyaya. Jioni kasimama mbele yangu na saa mkononi kama refa. Karafuu, anza! Ndimu, anza! Nimekumbuka karafuu mpaka jino limeuma. Sikunusa kitu, lakini nimecheka sana.

Amenishauri niwaambie Kamati kesho. Nimemjibu sawa, nitawaambia. Sijasema kesho ipi.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Nilikwenda na nia njema. Nimefika, Kinyozi kafagia nywele, kageuza kibao cha mlangoni, viti vinne vimekaa duara. Nimefungua mdomo niseme. Mfamasia kaniwahi. Kasema wiki nzima kaisubiri leo, dukani kwake hamna harufu ila ya dawa ya kikohozi, na mimi ndiye namfanya ajisikie mtu. Binti mwenyewe ana miaka ishirini na tisa, na anapotaka kusema kitu huanza na "labda nakosea". Kinyozi akaniletea kile kiti chenye mto. Nikaufunga mdomo.

Nikaanza kudanganya, na nilivyodanganya vizuri nimejishangaa. Karatasi ya kwanza nilimjua mwenyewe kwa rangi, maana Kinyozi huleta kolonya ileile ya babake kila mwezi wa tatu. Ya pili nikaitazama inavyokauka. Ikiacha duara la mafuta, chini ina mbao au utomvu. Ikikauka bila alama, ni ndimu na maua mepesi. Kila manukato yana hodi yake, mazungumzo yake na kuaga kwake, na mimi nikaeleza yote matatu bila kualikwa ndani. Nimesema maneno mengi kuliko siku zote. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu alikuwa anaandika kwenye kijidaftari chake kama kawaida, karatasi yake ya kunusia kaishika mbali kama kipimajoto. Yeye si msemaji. Huwa anasema tu, "Tuelezee, Mama Pua."

Ningeishia hapo ingekuwa dhambi ndogo. Mwalimu katoa kichupa mfukoni, kakiweka katikati ya meza, kavua miwani.

Wakili.

Tumemtafuta Wakili miaka kumi. Kampuni iliyomtengeneza ilifungwa zamani, chupa zilizobaki zinahesabika. Ananukia mkoba mpya wa ngozi, tumbaku, ganda kavu la chungwa, na moshi kwa mbali. Katika sisi wanne aliyewahi kumnusa ni mimi, mara moja, kwenye mkono wa msafiri, na Mwalimu mwenyewe ujanani. Sasa kuna Dalali wa vitu vya kale anayo chupa karibu nzima, na kichupa hiki ni kionjo chake. Hataki fedha. Anataka Shangazi wa Mjini wa Mwalimu.

Shangazi ni chupa ya marehemu mke wake. Imebaki robo tatu, kioo cha pembe sita, kifuniko cheusi. Huyo mama alikuwa mteja wangu mpaka alipofariki, miaka tisa sasa. Mwalimu huileta kwa Kamati mara moja kwa mwaka, tunaitazama, haifunguliwi.

Kasema akisikia kwa mdomo wangu kwamba huyu ni Wakili wa kweli, atabadilishana Jumamosi ijayo ya Kamati, tarehe 22.

Nikachovya karatasi. Rangi nyeusi kama chai iliyokolea, ndivyo Wakili anavyozeeka. Duara la mafuta, lipo. Nikamtazama Kinyozi, kafumba macho kama mtu aliyepagawa. Nikamtazama Mfamasia, kainama. Wote wananisubiri mimi. Hapo ndipo ningesema, jamani, sinusi.

Nikasema, "Ni mwenyewe."

Kinyozi kapiga makofi. Mwalimu kaniuliza anasemaje, Wakili, anaanzaje. Nikamweleza kwa ile kumbukumbu ya mkono wa msafiri, ganda la chungwa na mkoba na moshi, naye akaandika kila neno.

Jumapili, 9 Machi

Waridi, hewa. Ndimu, hewa. Karafuu, hewa. Mkaratusi umenipoza pua, lakini hata barafu ingefanya hivyo.

Mume wangu kauliza Kamati walilipokeaje. Nimesema vizuri. Mimi ni mwongo wa nyumba mbili sasa.

Jumatano, 12 Machi

Mwalimu amekuja dukani na shati jeupe. Kataka lipigwe wanga, la siku ya kumpokea Wakili. Dada wa Pasi kamuuliza kama anaoa. Kajibu kwamba anarudiana na kijana fulani.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, tukazungumza. Alipoajiriwa kufundisha kemia, mjomba wake alimpa chupa ya Wakili, iliyotumika nusu. Akawa anajipaka tone moja kila alipokwenda kumwona binti fulani wa posta. Tone moja tu, ili imfikishe mpaka harusi. Ikaisha wiki mbili kabla! Binti alimkubali hivyohivyo, lakini alimwambia maisha yao yote kwamba yule kijana wa mwanzo alinukia kuliko mume aliyempata. Mwalimu anasema alikuwa akimsikiliza na kucheka, hakuwahi kumwuliza ilikuwaje hasa. Sasa anataka kujua binti yule alikutana na nini mlangoni.

Ndiyo sababu anatoa chupa ya mke. Kasema yule mama mwenyewe angemwambia, toa, unaitunzia nani.

Shati lake nimelifua kwa mikono yangu. Wanga mara mbili. Sikuweza kumtazama wakati anaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimenusa uvundo!

Jioni, kichupa cha ndimu, sekunde ya kumi na kitu. Kitu kimeingia. Si ndimu. Ni mpira wa gari uliotupwa motoni, na kitunguu kilichooza juu yake. Nimepiga kelele, mume wangu kadondosha saa. Nikamwambia inanuka, inanuka vibaya mno. Kanusa yeye, kasema mbona ndimu safi. Kisha kaelewa. Tumeshikana mikono jikoni tunaruka kama watoto, watu wazima wawili, kwa sababu ndimu inanuka mpira.

Tumempigia daktari. Kasema dalili nzuri, mishipa inajiunga upya, sasa imejiunga ovyo. Itakuja kujipanga yenyewe, au itajipanga nusu. Niendelee na mazoezi. Nimeuliza, naweza kuhukumu manukato kwa pua hii wiki ijayo? Kasema mama, hata chakula usihukumu.

Kahawa, mpira. Dawa ya meno, mpira. Mume wangu kaomba nimnuse yeye. Kitunguu. Kasema huyo ni yeye kweli, wala pua haijakosea.

Nimelala na furaha, halafu nikamkumbuka Mwalimu, nikakaa.

Jumatatu, 17 Machi

Mficha uchi hazai, walisema wakubwa, lakini mimi nimetaka kwanza nizae bila kuvua. Yaani nilitaka mtu mwingine aigundue hiyo chupa, nisikiri chochote. Nimeanza kwa Kinyozi. Nimemkuta na mteja kwenye kiti, povu mpaka masikioni. Nikamsifu kwamba Jumamosi ile alivyofumba macho alionyesha pua yake imekomaa, alisikia nini hasa?

Kinyozi kainamia kidevu cha mteja. Kasema kwa sauti ya chini, nisimcheke, siku ile unywele wa mteja ulimwingia jichoni. Alikuwa anatafuta namna ya kuutoa bila kuvunja heshima ya shughuli.

Sikucheka. Yaani nilicheka, lakini nje, nikiwa nimeshika mlingoti wa taa. Nilimhukumu Wakili kwa unywele wa mtu.

Nikavuka kwa Mfamasia. Karatasi yake ya siku ile anayo, kaihifadhi kwenye bahasha ya vidonge kama mtoto wa shule. Nikamwomba anuse tena, aniambie bila kuniogopa. Kanusa. Kaanza na "labda nakosea". Nikamwambia leo usikosee, mwanangu, sema.

Kasema anasikia sabuni ya kufulia. Sabuni, na sukari ya kuungua, na ngozi juu juu tu kama viatu vya plastiki. Siku ile ile aliisikia. Na ile rangi, kasema, majani ya chai yanaweza kuitoa, yeye mwenyewe dukani anaona dawa za maji zilizotiwa rangi kila siku. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Pua alikuwa ameshasema."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kamati ya Pua nzima, pua niliyoikuta nzima ni moja, na mwenyewe aliificha kwa ajili yangu.

Nikamwambia. Yeye wa kwanza nje ya nyumba yangu. Wiki ya tano sinusi, na Jumamosi nilihukumu kwa macho. Nilitegemea anione mdogo. Kashika mkono wangu juu ya kaunta, kauliza kama nimemweleza Mwalimu. Nikasema tarehe 22 bado, nitamweleza kabla. Akasema nisichelewe. Njia nzima nimetembea mwepesi.

Jumanne, 18 Machi

Mwalimu kapiga simu saa saba mchana. Dalali anasafiri, hawezi kungoja tarehe 22. Atapita nyumbani kwake kesho saa nne asubuhi kubadilishana. Sauti yake ilikuwa na furaha hata nikashindwa kusema. Nikamwambia kesho nami nitapita, mapema, saa tatu. Kafurahi zaidi. Kasema nije nishuhudie.

Ningeweza kumwambia palepale. Mambo haya si ya simu, nimejiambia. Uoga nao una sababu zake nzuri.

Mume wangu nimemweleza yote, tangu "ni mwenyewe" mpaka unywele. Kakuna kichwa. Kasema yeye kwenye umeme, akikosea waya anazima swichi kwanza, kujieleza baadaye. Nenda ukazime swichi, mke wangu.

Jumatano, 19 Machi

Saa nne kasoro. Naandikia mezani kwa Mwalimu. Daftari hili lilikuwa mkobani mwangu, na yeye kakaa mbele yangu ananitazama nikiandika. Kaomba yeye. Nieleze haraka ilivyokuwa, kisha nifuate alichoniagiza.

Nimefika, kavaa lile shati. Meza kaitandika kitambaa, chupa ya Shangazi katikati, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Sikukubali kukaa. Nimesema kwa pumzi moja, Mwalimu, sina pua tangu mafua yale, sikumnusa Wakili, nilitazama rangi, yule wa Dalali ni wa kughushi, Mfamasia kanusa sabuni, usitoe chupa ya mke wako kwa uongo wangu. Kisha nikasema samahani. Nilikuwa nimeipanga samahani mwanzo, ikaja mwisho.

Kautazama mlango. Nikadhani sasa ndio ananifukuza. Kavuta kiti, kasema kaa, Mama.

Halafu kasema yeye mwaka wa nne hanusi.

Uzee, si mafua. Zilianza kupotea harufu za maua, kisha za matunda, mwisho hata ya gesi ya jiko. Siku moja aliifungua chupa ya mkewe, peke yake, hakusikia kitu. Alidhani manukato yamekufa. Akaenda kunusa kitunguu ndipo akajua aliyekufa ni nani. Tangu hapo hajaifungua tena. Nikamuuliza, basi Jumamosi zote zile ulikuwa unafuata nini? Kasema, wewe. "Ukieleza, mimi naona." Kijidaftari chake kimejaa maneno yangu, anayasoma nyumbani.

Na Wakili? Wakili alimtaka ili mimi nimnuse, Jumamosi baada ya Jumamosi, nimweleze yule kijana pole pole, mpaka amjue. Chupa ya mke ingekaa kabatini bure, kasema, ya Wakili ingekuwa na mtu wa kuisemea.

Nililia kidogo. Yeye hakulia, kanipa kitambaa cha meza.

Nikamwambia, Wakili siwezi tena kukueleza, nilimnusa mara moja tu na nimeshamchosha. Lakini Shangazi wa Mjini mimi simhitaji puani. Nimemfua miaka kumi na tatu. Mke wako alikuwa analeta gauni la kijani kila Jumatatu, lile la vifungo vya mfupa, na mimi niliweka kola yake puani kabla ya kitu kingine chochote. Naijua chupa hii ilivyokuwa kwake, si kwenye karatasi.

Mwalimu karudi nyuma kwenye kiti. Kasema nieleze, tena niandike huku naeleza, maana yeye leo anataka kusikiliza tu. Basi.

Shangazi kwa watu wengine huanza na mshumaa uliozimwa sasa hivi, na shuka iliyotoka kwenye pasi. Kwake yeye hiyo ilikuwa haidumu. Alikuwa na mwili wa joto, mshumaa uliondoka upesi. Kwenye kola nilikuta mzizi mkavu wa ua, ule unaotiwa kwenye manukato, unaonukia poda na karoti mbichi. Ukali kidogo. Ni harufu ya mtu anayesimama wima kwenye foleni. Chini yake waridi, lakini jeusi, limekauka kwenye kitabu. Kwapani alikuwa msafi siku zote. Kwenye mikono ya gauni, gundi ya stempu. Hiyo nilikuwa naipenda, ilikaa vizuri na lile waridi.

Mwalimu kafumba macho. Kaniambia niendelee.

Begani kulikuwa na kitu kingine ambacho si cha chupa. Chaki. Chaki, na ile gesi ya maabara, na jasho kidogo la mtu aliyesimama mchana kutwa. Kila Jumatatu, miaka kumi na tatu, mahali palepale, upana wa kiganja. Nilikuwa napiga brashi kabla ya maji, la sivyo inaganda. Nilidhani na yeye ni mwalimu. Siku alipokuja na sare ya posta nilishangaa, nikajiuliza chaki yote hii mama huyu anaitoa wapi.

Mlango umegongwa. Ni Dalali, naisikia sauti yake, anapiga hodi na kumtaja Mwalimu kwa cheo.

Mwalimu hajainuka. Kafumbua macho.

Dalali kagonga tena. Nimeinua uso nimwulize Mwalimu nifungue au nisifungue. Kanionyesha kwa kidole niendelee kuandika. Kasogeza kiti chake karibu, kapitisha mkono juu ya shati lake jeupe, bega moja, kisha la pili.

Anauliza, "Bega lipi?"